Dakika Mbili za Kwanza

Mhadhara kwa vijana na wazazi, Upper Marlboro, Maryland

 

Mada niliyopewa inatokana na kazi ya shule. Baadhi ya vijana waliokaa hapa mbele wanatakiwa watengeneze filamu fupi, na kabla ya kushika kamera wanatakiwa wachambue mwanzo wa filamu za wengine na kuandika walichokiona. Wazazi kadhaa wameniuliza kwa nini mtoto akeshe akirudia dakika mbili zilezile za filamu moja, na kama huko ni kusoma au ni kutazama televisheni. Ni kusoma, tena kusoma kugumu. Kule Uingereza ulikuwepo mtaala wa sekondari ambamo wanafunzi wa masomo ya habari walitengeneza mwanzo peke yake: majina ya waigizaji na mafundi, na dakika mbili za kwanza za filamu ambayo haikukusudiwa kumalizika. Dakika hizo mbili zilimtosha mwalimu kujua nani anaelewa kazi na nani anabahatisha.

Nimetazama kazi nyingi za vijana wetu wa eneo hili la DMV, yaani Washington, Maryland na Virginia, watoto wa watu waliotoka Moshi, Kisumu, Tanga, Bukavu na Kampala. Zina moyo, na nyingine zina picha nzuri kuliko za watu wazima. Lakini mianzo yake inafanana mno. Ramani ya Afrika inajitokeza, bendera inapepea, ndege inatua uwanja wa Dulles, na sauti ya msimulizi inasema kwa Kiingereza: mimi ni fulani, wazazi wangu walitoka nchi fulani, sisi ni watu wa utamaduni tajiri. Hapo dakika moja na nusu imekwisha na hakuna mtu aliyefanya jambo lolote. Hakuna aliyetaka kitu, hakuna aliyekosa kitu.

Nauliza swali moja tu kuhusu mwanzo wa namna hiyo: kijana huyu anamwambia nani? Bibi yake hahitaji kuelezwa Tanzania iko wapi. Binamu yake wa Mombasa hahitaji kuoneshwa bendera. Anayeambiwa ni mwalimu, au mwenzake darasani ambaye kijana anahofia kwamba hatamwelewa. Filamu imeanza kwa kuomba ruhusa ya kuwepo. Na kwa kuwa mwanzo ndio mahali mtengenezaji anapomchagua mtazamaji wake, kila kitakachofuata kitaendelea kumweleza yule mgeni, hata pale ambapo mama na mwana wako jikoni peke yao.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo, na mifano yote nitakayoitoa inalizunguka. Tunapochambua mwanzo wa filamu, tusiishie kuhesabu shoti na kutaja rangi. Tutafute filamu inamwambia nani, inamwamini kiasi gani, na inamficha nini.

Waswahili hatukulisubiri jambo hili mpaka kamera ije. Bibi akisema paukwa, haendelei mpaka aitikiwe pakawa. Bila kuitikiwa hana hadithi. Mwana Kupona wa Pate, alipotunga utenzi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, hakuanza na historia ya ukoo wala maelezo ya kisiwa. Alianza kwa kumwita binti asogee, achukue wino na karatasi, kwa kuwa mama ana maneno ya kumpa. Tazameni hayo kwa jicho la mpiga picha. Watu wawili, umbali kati yao unapungua, kuna kalamu, kuna mama mgonjwa anayejua kwamba muda wake ni mfupi. Msomaji hajaambiwa kuwa yeye ndiye anayesemeshwa. Ameruhusiwa kukaa kando na kusikiliza. Na sisi, zaidi ya karne moja na nusu baadaye, bado tunasikiliza.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Chukueni filamu mnayoipenda, mkate dakika zake mbili za kwanza. Mara ya kwanza zimeni sauti. Mara ya pili geuzeni simu kifudifudi, msikilize bila kuona. Nawasisitizia hii ya pili kwa sababu vijana wengi huiruka, na ndiyo inayofundisha zaidi: mtashangaa ni mambo mangapi mliyodhani mmeyaona kumbe mliyasikia. Baada ya hapo ndipo mchukue karatasi, muandike kila shoti: nani yumo, yuko karibu au mbali, inakaa sekunde ngapi, anataka nini. Pembeni acheni nafasi pana ya kuandika kile ambacho hatujaambiwa bado. Nafasi hiyo ikibaki tupu, ama filamu ni mbovu ama hamjaitazama vya kutosha.

Nianze na filamu ambayo kila mwanafunzi anaweza kuimaliza kwa kikao kimoja. Wanuri Kahiu, Mkenya aliyesomea filamu Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitoa Pumzi mwaka 2009, na mwanzoni mwa 2010 ikaoneshwa Sundance. Urefu wake ni dakika ishirini na kidogo tu. Inahusu dunia iliyokaushwa na vita vya maji, ambako watu wa Afrika Mashariki wamejifungia ndani ya jengo na ardhi ya nje inasemekana imekufa. Mngepewa nyinyi hadithi hiyo, mngeanza wapi? Wengi wangeanza na mabomu, na sauti nzito ikieleza vita vilitokeaje. Wanuri anatuonesha vipande vya magazeti na mbegu iliyohifadhiwa, anatupa maandishi mafupi ya kututajia wakati na mahali, basi. Kisha anatupeleka kwa mtu. Asha amelala na anaota mti wa kijani. Mashine inagundua kwamba anaota, inamwamsha na kumwamuru ameze dawa ya kuzuia ndoto.

Kaeni na hilo kidogo. Hatujaelezwa sheria za dunia hii, lakini tumeshazielewa, kwa kuwa tumeona moja ikimuumiza mtu. Nchi ambayo kuota mti ni kosa haihitaji msimulizi. Baadaye tunaona jinsi hata jasho na mkojo vinavyosafishwa ili vinyweke tena, na hilo nalo halielezwi. Linafanywa tu, kama mtu anavyopiga mswaki. Asha haoni ajabu, kwa hiyo kamera nayo haioni ajabu. Huku ndiko kumwamini mtazamaji. Wanuri hakumgeukia mtu wa Ulaya amfafanulie, wala hakumgeukia Mkenya ampongeze. Alimgeukia Asha.

Na tuangalie pia kilichofichwa. Mwisho wa mwanzo ule hatujui kama mti ule upo kweli mahali fulani. Swali hilo moja ndilo linalobeba dakika zote zilizobaki. Vijana, filamu yenu ya dakika saba au kumi haiwezi kubeba maswali matano. Tafuteni moja, na dakika mbili za kwanza ziwe zimelipanda.

Mfano wangu wa pili ni mrefu zaidi na uko karibu na maisha yetu sisi tuliohama. Mira Nair alitengeneza Mississippi Masala mwaka 1991. Alipokuwa akiitafiti ndipo alipokutana na Profesa Mahmood Mamdani, na Kampala ikawa nyumbani kwake. Mwaka 2004 akaanzisha huko Maisha Film Lab, inayofundisha vijana wa Afrika Mashariki uandishi na uongozaji wa filamu. Mississippi Masala inaanzia Kampala, mwaka 1972, usiku, baada ya Idi Amin kuwapa Waasia siku 90 waondoke. Wanaume wawili wamo ndani ya gari. Mmoja ni Jay, wakili Mhindi aliyezaliwa Uganda. Mwingine ni Okelo, Mwafrika, rafiki yake tangu utotoni, aliyemtoa mahabusu. Anayewaambia watazamaji kwamba nchi imegeuka si msimulizi. Ni Okelo, akimwambia rafiki yake kwa uchungu kwamba Afrika sasa ni ya Waafrika weusi. Sentensi hiyo inamchoma Jay kuliko amri ya Amin, kwa sababu imetoka kinywani mwa mtu anayempenda.

Familia inaondoka. Wanapanda basi kwenda Entebbe, askari wanalisimamisha, mama anateremshwa na kudhalilishwa mbele ya watu. Okelo na Jay hawajaagana inavyostahili. Na hapo, baada ya yote hayo, ndipo ramani inapokuja: kamera inapita juu yake kutoka Uganda kwenda Uingereza na kuvuka bahari hadi Mississippi, majina ya waigizaji yakipita. Nimewasema vijana kwa ramani zao, kwa hiyo lazima nieleze kwa nini hii naisifu. Inakuja tukiwa tumeshawajua watu waliomo safarini. Kila inchi ya karatasi ile tunaihesabu kama umbali kutoka kwa Okelo. Ramani ya kijana wetu inatuambia Kenya iko wapi; ya Mira Nair inatuambia Jay ameacha nini.

Ramani ikiisha tuko Greenwood, mwaka 1990, dukani, na Mina, binti wa Jay aliyeondoka Kampala akiwa mtoto, sasa ni msichana mkubwa anayesukuma toroli lililojaa madumu ya maziwa. Miaka 18 imerukwa bila sentensi hata moja ya maelezo. Sisi wenye sherehe kubwa kubwa tunaelewa mara moja maana ya maziwa mengi kiasi hicho; Mmarekani wa Greenwood atashangaa kidogo, na Mira Nair hamhurumii, anamwacha ashangae. Halafu angalieni deni la mwanzo linavyolipwa: kuagana kule kulikokosekana Kampala ndiko kunakomrudisha Jay Uganda mwishoni mwa filamu, na anafika akiwa amechelewa. Mnapochambua mwanzo, tazameni na mwisho wa filamu hiyohiyo. Mwanzo ukiwa na deni lisilolipwa popote, ondoeni ama deni ama mwanzo wenyewe.

Hapa jirani, ng'ambo ya mpaka wa jiji la Washington, kuna mwalimu mwingine wa mianzo. Haile Gerima, Mhabeshi, alifundisha filamu Chuo Kikuu cha Howard kuanzia mwaka 1975, na duka la vitabu la Sankofa lililoko Georgia Avenue, mkabala na chuo hicho, lina jina la filamu yake ya 1993. Sankofa inaanza kwa ngoma na sauti inayoita mizimu ya waliochukuliwa utumwani iinuke isimulie. Mpiga ngoma ni Kofi Ghanaba wa Ghana. Baada ya hapo ndipo tunaiona ngome ya pwani ya Ghana, na mwanamitindo mweusi kutoka Marekani anayepigwa picha palepale wafu walipopitishwa. Gerima alijua vizuri kuwa wenye majumba ya sinema Marekani hawakuwa wakisubiri filamu inayoanza kwa kuwasemesha wafu. Hakukuwa na kampuni ya usambazaji iliyoichukua, akaizungusha mwenyewe mji kwa mji, na watu weusi wakapanga foleni. Filamu ilisema na watu fulani tangu sekunde ya kwanza, na watu hao waliitambua sauti.

Wapo watakaosema: hayo ni ya wakubwa wenye fedha na mafundi. Si kweli. Lupita Nyong'o, kabla dunia haijamjua, alitengeneza filamu ya kumbukumbu In My Genes kama mradi wake wa kumalizia masomo Hampshire College, akifuatilia maisha ya watu wenye ualbino nchini Kenya. Watu Wote, iliyotoka 2017 na kuteuliwa kuwania Oscar mwaka uliofuata, ilikuwa kazi ya mwisho ya wanafunzi wa chuo cha Hamburg, na lugha zake ni Kiswahili na Kisomali. Inatokana na shambulio la basi karibu na Mandera, Desemba 2015, ambapo abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo. Filamu hiyo haianzi na bunduki. Tunamkuta Jua, mwanamke Mkristo anayesafiri kwenda kumwona jamaa yake, naye amejaa chuki na hofu dhidi ya watu atakaokaa nao. Mwanzo ungekuwa bunduki, tungeona ushujaa. Kwa kuwa ni Jua, tunaona ushujaa ukimfanyia mtu kazi ndani ya moyo wake.

Na Maryland hii hii imetoa mwanzo ulionakiliwa kuliko mingine mingi. Eduardo Sánchez alikulia Takoma Park, katika kaunti jirani ya Montgomery. Yeye na Daniel Myrick walitengeneza The Blair Witch Project, iliyotoka 1999, na sehemu kubwa waliipiga katika msitu wa Seneca Creek. Inaanza kwa maandishi meupe juu ya weusi, sentensi mbili: wanafunzi watatu wa filamu walipotea mwaka 1994 katika msitu karibu na Burkittsville, na mwaka mmoja baadaye picha walizopiga zilipatikana. Wametupa mwisho wa hadithi kabla ya hadithi. Kisha tunaona vijana wanacheka, wananunua chakula, wanataniana juu ya kamera, na kila kicheko kinatutia baridi, maana sisi tunajua na wao hawajui. Maandishi yale hayakugharimu kitu. Bila hayo, robo saa ya kwanza ni vijana wanaopiga soga tu. Msinakili maandishi hayo, yamenakiliwa mno. Nakilini hesabu yake: ni kitu gani kidogo mtazamaji akikijua mapema, mambo ya kawaida yataacha kuwa ya kawaida?

Kuhusu majina ya waigizaji na mafundi nitasema kwa ufupi. Orson Welles alifungua Touch of Evil, mwaka 1958, kwa shoti moja isiyokatwa ya zaidi ya dakika tatu: bomu linawekwa kwenye buti ya gari, na gari linasogea polepole kuelekea mpaka wa Mexico na Marekani katikati ya watu. Studio ikabandika majina juu ya picha hiyo, na muziki juu yake. Welles aliwaandikia kurasa 58 kupinga namna walivyoikata filamu yake, na mwaka 1998, yeye akiwa ameshafariki, Walter Murch aliihariri upya kwa kufuata kurasa hizo na kuyaondoa majina pale. Linganisheni nakala hizo mbili, mtaona jinsi jicho linalosoma jina la mtu linavyosahau kutazama gari. Filamu yenu ikiwa na kitu cha kuangaliwa kwa makini mwanzoni, majina yasubiri mwisho.

Nirudi nyumbani kidogo, kwenye vibanda umiza vya kuoneshea video. Wenye umri wangu wanakumbuka mabenchi yale, televisheni moja, watu mia moja, na swali la kwanza lililoulizwa gizani: steringi ni yupi? Dar es Salaam alikuwepo Lufufu, Kenya yupo DJ Afro, watu waliosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti yake, nao walijua kwamba wasipolijibu swali lile mapema watu watapiga kelele. Swali hilo nalipenda kuliko mengi yaliyomo kwenye vitabu vya nadharia. Nairobi Half Life ya David Gitonga, ya mwaka 2012, inalijibu vizuri ajabu. Tunamkuta Mwas kijijini akiuza DVD za filamu za kigeni, na ili auze inabidi aziigize yeye mwenyewe mbele ya wateja, mikono, sauti, vifo na yote. Kwa kitendo hicho kimoja tumeshajua kuwa ana kipaji, ni maskini, anaota ndoto za watu wa mbali, na atafanya lolote ili atazamwe. Jiji litamfundisha gharama ya ndoto hizo. Mwandishi dhaifu angemkalisha kitandani akiwaza: nataka kuwa mwigizaji.

Sasa tufanye zoezi kwa mji huu tuliomo. Barabara ya Pennsylvania, ileile yenye Ikulu ya Marekani, ukiifuata kuelekea kusini-mashariki inakuwa Barabara ya 4 ya Maryland na kukuleta hapa. Watoto wetu wanapajua Upper Marlboro kwa mahafali ya Show Place Arena, na baadhi yenu wazazi mnapajua kwa cheti cha ndoa mlichokifuata mahakamani. Wachache wanakumbuka kwamba palikuwa na bandari ya tumbaku mpaka mto ulipojaa mchanga, na kwamba tumbaku hiyo ililimwa na watumwa. Agosti 1814, Marekani ikiwa vitani na Uingereza, jeshi la Waingereza lilishuka Benedict, likapita hapa, likashinda vita vya Bladensburg tarehe 24, na usiku huo Washington ikaungua. Waliporudi, daktari wa mji huu, William Beanes, alishiriki kuwakamata askari waliokuwa wakizurura wakipora. Waingereza wakaja kumchukua wakampeleka melini. Wakili Francis Scott Key akatumwa kumwombea. Ndiyo maana Key alikuwa majini usiku wa tarehe 13 Septemba, akitazama ngome ya Baltimore ikipigwa mizinga, na ndiyo maana aliandika beti ambazo mwaka 1931 zikawa rasmi wimbo wa taifa.

Tuseme mmepewa mtengeneze filamu fupi ya kisa hiki. Mkianza na mizinga ya Baltimore na bendera, mmemchagua mtazamaji anayekijua kisa tayari na anataka kukipenda tena. Si vibaya, lakini mmebaki na la kumpa dogo. Mkianza na mlango wa daktari unaogongwa hapa Upper Marlboro, taa inawashwa, mzee anatolewa na nguo za kulalia, mmempa mtazamaji mtu badala ya taifa, naye atataka kujua mzee huyu kafanya nini. Mwanzo huu naupenda.

Lakini upo wa tatu. Aprili mwaka uleule, Admirali Cochrane wa Uingereza alitangaza kwamba atakayekimbilia upande wao ataachwa huru. Watumwa wa mashamba ya ukanda huu waliisikia habari hiyo. Wanaume waliokimbia waliundiwa kikosi, wakavaa sare, na waliokuwamo walipigana Bladensburg dhidi ya nchi iliyowamiliki. Baada ya vita baadhi yao walipewa ardhi Trinidad, na vizazi vyao viko huko mpaka leo, vikiitwa Merikins. Anzeni filamu na mwanamke anayefunga kifurushi gizani katika shamba la tumbaku, akimziba mtoto mdomo, na kwa mbali sauti za askari wa miguu. Hatujui kama anawakimbia askari au anawakimbilia. Historia ni ileile, tarehe ni zilezile, wala hamjabadilisha tukio hata moja. Ila bendera ikija kuonekana baadaye katika filamu hiyo, haitatazamwa kwa macho yaleyale. Kwa mtoto mweusi wa kaunti hii ya Prince George's anayeimba wimbo ule kila mchezo wa mpira unapoanza, nadhani mwanzo huu una haki ya kuwepo, na ninatamani mmoja wenu autengeneze.

Nimechukua kisa cha mji ili mwone kwamba si lazima filamu ya mtoto wa Mkenya ihusu Kenya. Lakini mkitaka kusimulia ya nyumbani kwenu, fanyeni vivyo hivyo. Andikeni mianzo mitatu ya hadithi moja, kila mmoja ukurasa mmoja, kila mmoja ukianza kwa mtu tofauti: baba anayerudi kutoka zamu ya usiku hospitalini, bibi aliyekuja kwa viza ya miezi sita na hajui jinsi ya kuwasha jiko, mtoto anayejibu kwa Kiingereza anaposemeshwa Kiswahili. Msichague haraka.

Lugha ya sentensi ya kwanza ni uamuzi mkubwa. Mkiweka Kiswahili bila kukieleza, na tafsiri imeandikwa chini ya skrini, mmemwambia mtazamaji asiyekijua kwamba amekaribishwa kwenye nyumba ya watu, si kwamba nyumba imepangwa upya kwa ajili yake. Josiah Kibira, Mtanzania wa Minnesota, alitoa Bongoland mwaka 2003, hadithi ya mhamiaji wa Kitanzania asiye na karatasi, na Kiswahili chake kilisafiri mpaka kwa watu wetu pande zote mbili za bahari. Mnaogopa kwamba mwalimu hataelewa? Mwalimu atasoma tafsiri. Anachokipima ni kama mnajua mnachokifanya.

Sauti msiiache iwe ya mwisho. Simu zenu zinapiga picha nzuri na kunasa sauti mbaya, hasa penye upepo na karibu na Barabara ya 4. Kabla ya kupiga shoti yoyote, rekodini sauti ya chumba kikiwa kimya kwa dakika moja. Mtaihitaji mkifika kwenye uhariri. Na kabla ya kutafuta muziki, sikilizeni nyumba yenyewe: bomba la maji, sufuria, simu ya WhatsApp inayoita kutoka nyumbani saa tisa usiku kwa kuwa kule ni mchana. Mlio huo gizani, na mkono wa mama unaotafuta simu kwa hofu ya msiba, ni mwanzo ambao kila familia iliyomo humu ndani inaujua, na hakuna ramani itakayoufikia.

Wazazi wangu, ombi langu kwenu ni dogo. Mtoto akitaka kupiga picha jikoni, msikimbilie kutandika kitambaa kipya na kuficha masufuria. Mkubalieni apige palivyo. Na akiwaomba mseme jambo mbele ya kamera, mwambieni yeye, msimwambie mgeni wa mbali.

Vijana wenye miswada, mbaki. Mpeane: kila mmoja asome ukurasa wa kwanza wa mwenzake ambaye hadithi yake haijui, kisha aandike chini, kwa sentensi moja, anadhani ni nani anayesemeshwa, na kwa nyingine, anataka kujua nini kinafuata. Mwenye ukurasa asijitetee wala asieleze. Asome tu jibu. Wale ambao jibu la pili limetoka tupu tutaanza nao, tuone ni shoti gani iondoke. Meza iko upande huu.